Saini ni Halali, Programu Je?

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta na simu na wenye steshenari, Nyamongo



Kila fundi aliyemo humu ana flashi, na ndani ya flashi ana folda ya setapu: VLC, WinRAR, kisomaji cha PDF, brauza mbili tatu, draiva za printa, na labda Ofisi iliyokrekiwa ambayo leo sitamuuliza mtu. Folda hiyo ndiyo inayopita kwenye karibu kila kompyuta inayopigwa Windows kutoka Matongo hadi Kewanja na Nyangoto, na ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti. Kijana anapokuja steshenari kujaza maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, au kikundi kinapokuja kutafuta zabuni kwenye NeST, nywila zao huandikwa kwenye mashine iliyolishwa kutoka folda hiyo. Setapu moja mbovu mkononi mwa fundi mmoja inaweza kufika madukani kote kabla ya mwezi kwisha.

Malalamiko mnayajua. Brauza inafunguka kwenye ukurasa wa kutafutia ambao mwenye duka hakuuchagua. Matangazo yanachomoza kona ya chini hata pale ambapo hakuna kilichofunguliwa. Bando la wiki linaisha siku ya tatu. Hizo ni dalili za adiwea, yaani programu iliyoingia ili ikuonyeshe matangazo usiyoyaomba, ikupeleke kwenye tovuti za watu waliolipia, au iuze habari za unachokitafuta. Fundi anaitwa, anabofya setapu kwa kitufe cha kulia, anaona ina saini ya kidijitali, anaona imeandikwa kuwa iko sawa, anasema: "Hii ni safi, ina saini." Mada yangu inahusu sentensi hiyo, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu yake inatuponza.

Saini inajibu nini

Mfumo wa saini tunaoukuta kwenye Windows unaitwa Authenticode. Microsoft waliuleta mwaka 1996, wakati watu walipoanza kushusha programu kutoka intaneti badala ya kuzinunua kwenye diski. Mtengenezaji anakokotoa hashi ya faili, yaani namba ndefu inayotokana na karibu vyote vilivyomo ndani, kiasi kwamba ukigusa herufi moja namba nzima inabadilika. Hashi hiyo anaifunga kwa ufunguo wake wa siri. Pamoja nayo anaambatisha cheti alichopewa na kampuni inayotoa vyeti, kama DigiCert, Sectigo au GlobalSign, kikisema kwamba mwenye ufunguo huu ni kampuni fulani ya nchi fulani. Kompyuta yako ikikokotoa hashi upya ikakuta inalingana, na cheti kikawa kimetoka kwa mtoaji inayemwamini, inasema saini ni halali.

Funguo zenyewe zimekwisha kuibwa mara nyingi. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilikuwa na draiva zenye saini za Realtek na JMicron, kampuni mbili za Taiwan ambazo hazikuhusika nacho kabisa. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Juni 2023 ufunguo wa kutia saini programu unatakiwa ukae kwenye kifaa maalumu na si kwenye faili la kawaida. Wizi wa namna hiyo, hata hivyo, si shida kubwa ya duka la Nyamongo. Shida yetu ni saini ambazo hazikuibwa na mtu.

Saini inajibu maswali mawili: nani aliyeitia, na je, faili limeguswa tangu alipoitia. Programu inafanya nini ikishaingia, hilo hakuna aliyeliuliza. Mtoa cheti anakagua kama kampuni imesajiliwa, ina anwani na simu yake inapokelewa. Hafungui programu kuisoma. Hapa kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Leseni iliyobandikwa ukutani kwa mnunuzi wa dhahabu inakuambia yeye ni nani na ofisi ya madini itampata wapi, lakini punje iliyo mezani bado inapimwa kabla mtu hajahesabu fedha.

Adiwea ni biashara, na biashara hupenda vyeti

Mwaka 2015 Platon Kotzias na wenzake wa taasisi ya IMDEA mjini Madrid walitoa utafiti ambao ningependa kila fundi aujue. Walichambua sampuli 356,000 za faili zinazotiliwa shaka, zilizokusanywa kati ya 2006 na 2015. Katika zile zilizokuwa na saini, asilimia 88 hadi 95 zilikuwa programu zisizotakiwa, kundi ambalo adiwea ndiyo sehemu yake kubwa. Programu hasidi zenyewe, za kuiba na kuharibu, zilikuwa asilimia 5 hadi 12 tu. Tena asilimia 99.8 ya zile zisizotakiwa zilitumia vyeti vilivyotolewa na watoaji halali, na ni asilimia 15 tu ya vyeti hivyo iliyokuwa imefutwa.

Tafakarini maana yake. Faili likishatiliwa shaka, kisha likawa na saini halali, saini hiyo hailiondolei shaka. Inaelekeza kidole kwenye adiwea.

Sababu yake si ngumu. Mwizi wa nywila hataki jina lake lionekane popote, kwa hiyo hana haja ya kwenda kuomba cheti. Mwenye adiwea ana ofisi, ana mhasibu, ana kurasa kumi za masharti, na utetezi wake siku zote ni mmoja: ulikubali. Ulibofya "Next" mara nne na kisanduku kilikuwa na tiki. Anachotaka ni Windows isipige kelele wakati wa kuweka programu, na saini humpunguzia kelele hizo. Gharama ya cheti kwake ni ndogo kuliko mapato ya siku chache.

Majina makubwa yamepita njia hii. Kwa miaka kadhaa setapu ya Java, ikiwa na saini halali ya Oracle, ilikuja na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki cha kuongeza mwambaa wa Ask kwenye brauza. Desemba 2011 Gordon Lyon, mtengenezaji wa Nmap, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com inaifunga programu yake ya bure ndani ya setapu yao yenye mwambaa wa matangazo. Mwaka huohuo VideoLAN, wenye VLC, walilalamikia kampuni zilizokuwa zikisambaza VLC iliyochanganywa na takataka. Mwaka 2015 ikawa zamu ya programu ya picha ya GIMP kwenye tovuti ya SourceForge.

Halafu kuna Superfish, ambayo naiona mbaya kuliko zote hizo. Baadhi ya laptopu za Lenovo zilizouzwa mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 zilitoka kiwandani na programu ya matangazo ambayo, ili iweze kupenyeza matangazo hata kwenye kurasa zilizolindwa, iliongeza cheti chake cha msingi ndani ya Windows. Baada ya hapo kompyuta iliamini chochote kilichotiwa saini na ufunguo wa Superfish, na ufunguo huo ulikuwa uleule kwenye mashine zote, ukafunguliwa na wataalamu kwa saa chache. Laptopu zilizotumika zinafika Tarime kwa wingi, nyingi zikiwa Lenovo. ThinkPad, ambazo ndizo tunazoziona zaidi, hazikuwamo. Za nyumbani za rika hilo zikaguliwe, au zipigwe Windows mpya bila kutumia nakala ya kiwandani.

Kuhusu kufutwa kwa vyeti, liko jambo moja linalochanganya hata mafundi wazoefu. Saini nyingi zina muhuri wa muda unaoonyesha zilitiwa lini, ili programu iendelee kukubaliwa hata baada ya cheti kuisha muda. Mtoaji akifuta cheti kuanzia tarehe fulani, faili lenye muhuri wa kabla ya tarehe hiyo linaendelea kupita kama halali. Setapu ya adiwea ya mwaka juzi inaweza kubaki "halali" kwenye flashi yako ingawa aliyeitia saini alikwisha kunyang'anywa cheti. Zaidi ya hayo, kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kuuliza kama cheti kimefutwa. Ukikagua saini bila bando, umekagua nusu.

Mezani kwa fundi

Anza na jina. Fungua "Properties" za faili, nenda "Digital Signatures", usome aliyetia saini ni nani, kisha ulinganishe na bidhaa. VLC inatakiwa iwe na jina la VideoLAN. Faili likiitwa VLC na saini ikiwa ya kampuni usiyoijua, hapo umepata setapu ya mtu wa kati, na mtu wa kati hafanyi kazi ya bure. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, hakihitaji vifaa, na kwa maoni yangu kinazuia adiwea nyingi kuliko antivairasi ya bure iliyopitwa na wakati ambayo imejaa kwenye mashine zetu.

Anayetaka uhakika zaidi atumie PowerShell, amri ya Get-AuthenticodeSignature ikifuatiwa na jina la faili. Jibu la "Valid" mmekwisha kujua kiasi chake. "NotSigned" ni faili lisilo na saini, jambo ambalo peke yake si kosa. "HashMismatch" ndilo jibu la kusimamisha kazi: faili limebadilika baada ya kutiwa saini. Huenda liliharibika likishushwa, huenda mtu aliligusa ili alikreki, au huenda limeambukizwa. Virusi kama Sality na Ramnit hujipachika ndani ya programu zilizokuwa nzima na kusafiri kwa flashi, na hapa ndipo saini inapotufaa sisi kuliko inavyomfaa mtu wa Dar es Salaam anayeshusha kila kitu moja kwa moja. Faili lililopita flashi sita kabla ya kufika Kerende, saini yake ikibaki nzima, hakuna aliyeichezea programu yenyewe njiani.

Kabla ya kulaumu faili, itazame kompyuta. Kompyuta za mezani za zamani zina betri ya saa iliyokufa, na ukiziwasha tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vikaonekana kama havijaanza kutumika. Windows 7 isiyopata marekebisho ya SHA-2 haiwezi kuthibitisha saini za programu mpya. Na msishtuke mkikuta faili za Windows zenyewe, kwa mfano notepad.exe, hazina ukurasa wa saini kabisa. Saini zake zimetunzwa kwenye orodha ya pembeni. Kifaa cha Sigcheck, cha bure kutoka Sysinternals ya Microsoft, kinaisoma orodha hiyo.

Jina likishakubali, pima sifa. Kokotoa hashi kwa amri ya certutil -hashfile, taja faili, malizia na SHA256, kisha tafuta namba hiyo kwenye VirusTotal, huduma iliyoanzia Málaga, Uhispania, mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Kutafuta kwa hashi hakuli bando kubwa, kwa sababu hupandishi faili lenyewe. Utaona antivairasi kadhaa zinasemaje. Usihesabu tu ngapi zimepaka nyekundu, soma majina. Yakijirudia maneno kama PUA au PUP (yaani programu isiyotakiwa), Adware, Bundler, au majina ya kale kama OpenCandy na InstallCore, jibu unalo. Ikiwa ni moja tu yenye jina la jumla na nyingine zote zimenyamaza, mara nyingi ni kuhisi tu. Hashi isiyojulikana kabisa, kwa programu inayodai kuwa maarufu, ni ishara mbaya kuliko nyekundu mbili.

Faili la mteja, iwe barua, cheti cha kuzaliwa au mkataba, lisipandishwe kule. VirusTotal huwagawia washirika wake kinachopandishwa, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika hapa nchini.

Mtakutana pia na antivairasi zinazogombana, moja ikisema adiwea na nyingine ikisema safi. Msidhani moja imerogwa. Hakuna mpaka uliochorwa mahali. Kila kampuni ina vigezo vyake, na wenye programu wanavipinga mahakamani. Kampuni ya Enigma Software iliishtaki Malwarebytes kwa kuziita bidhaa zake zisizotakiwa, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaruhusu kesi iendelee. Kwa hiyo mwisho wa yote tabia ndiyo inayoamua.

Tabia hupimwa kwa kuiendesha. Windows 10 na 11 Pro zina Windows Sandbox, chumba cha majaribio kinachofutika ukikifunga, ila kinataka RAM ya GB 4 au zaidi na mashine nyingi za hapa zinahema kwenye kiwango hicho. Ushauri wangu ni wa kizamani: tengeni kompyuta moja chakavu isiyo na akaunti ya mtu. Pigeni picha ya diski yake. Wekeni setapu mkibofya kama mteja angebofya, bila kuondoa tiki yoyote, kisha mtazame kilichozaliwa. Autoruns, nayo ya Sysinternals, inaonyesha kila kinachojiwasha chenyewe, inahakiki saini zake na inaweza kuuliza VirusTotal kwa niaba yako. Angalieni kazi zilizopangwa kwa ratiba, viongezo vya brauza, ukurasa wa mwanzo, na kwa kumbukumbu ya Superfish, orodha ya vyeti vya msingi kupitia certmgr.msc. Kisha izimeni, muiwashe, muiache saa chache. Adiwea zenye akili hazianzi papo hapo.

Upande wa simu

Nitapita haraka, ingawa wengi wenu ndiko riziki iliko. Android haina mtoa cheti. Kila mtengenezaji hujitengenezea ufunguo, na saini inathibitisha jambo moja: toleo jipya limetoka kwa aliyetoa la zamani. Ndiyo maana GBWhatsApp au FMWhatsApp iliyorushwa kwa Xender haiwezi kukaa juu ya WhatsApp halisi kama sasisho lake, saini hazilingani. Mteja akiambiwa "toa kwanza ile ya mwanzo ndipo hii ikubali", simu ilikuwa imekwisha kumwonya. Agosti 2021 Kaspersky walikuta ndani ya FMWhatsApp toleo 16.80.0 kirusi cha Triada, kilichoingia pamoja na kifurushi cha matangazo.

Hata duka rasmi halikutoi kwenye tatizo. CamScanner, programu ya kupiga picha nyaraka ambayo steshenari na wanafunzi wote wanaijua, ilikuwa imeshushwa zaidi ya mara milioni 100 kutoka Google Play pale Kaspersky walipokuta, Agosti 2019, maktaba ya matangazo ndani yake inashusha msimbo hasidi. Saini ilikuwa ya mtengenezaji halisi, Google wakaiondoa, kisha ikarudi ikiwa imesafishwa. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya Upstream ilieleza kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na virusi vya xHelper na Triada tangu zikiwa kwenye boksi, zikila salio na data za wenye simu kwa kuwasajili kwenye huduma wasizoziomba. Transsion, wenye Tecno, walimlaumu msambazaji mmoja katika mnyororo wao bila kusema jina. Wakala wa M-Pesa anayekwambia salio linapungua bila kupiga simu asichekwe.

Agosti 2025 Google walitangaza kuwa watengenezaji wa programu za Android watatakiwa kuthibitisha utambulisho wao, wakianza na nchi nne mwaka 2026. Ni hatua nzuri, na mtakuwa mmekwisha kuona mipaka yake: itajibu ni nani.

Daftari la setapu

Pendekezo langu kwenu ni dogo. Badala ya kila fundi kushusha VLC yake kwa bando lake kutoka tovuti ya kwanza inayojitokeza, mafundi wa Nyamongo wawe na folda moja ya pamoja na daftari lake. Kwa kila setapu liandikwe jina na toleo, anwani iliposhushwa, jina lililo kwenye saini, hashi ya SHA-256, tarehe, na fundi aliyeijaribu kwenye ile kompyuta chakavu. Anayechukua nakala kwa flashi anakokotoa hashi kwake na kulinganisha. Hashi ya faili zima ndiyo iandikwe, saini peke yake haitoshi: iko sehemu ndogo ya faili ambayo Authenticode haiihesabu, na baadhi ya setapu hupenyezewa humo namba za kampeni za matangazo bila saini kuvunjika.

Gharama ya kuangalia iingie kwenye bei ya kupiga Windows na iandikwe kwenye risiti, ili mteja ajue analipia nini na ajue wa kumrudia. Mkikamata setapu inayosambaa mitaani ikiwa na saini halali na tabia chafu, hashi na jina la mtia saini vipelekwe kwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, na malalamiko yatumwe pia kwa mtoa cheti, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kukifuta.

Ya kwanza kuandikwa daftarini ningependa iwe 7-Zip. Igor Pavlov ameigawa bure kwa zaidi ya miaka ishirini, na setapu yake imekuwa ikitoka bila saini yoyote. Windows huifokea, mteja hushtuka, na fundi asiye na la kusema huishia kumwekea kitu kingine chenye saini nzuri na matangazo ndani. Ishusheni kutoka 7-zip.org, mkokotoe hashi, muijaribu kwenye kompyuta chakavu, halafu tujadili baada ya chai ni nani atakayeweka jina lake kwenye mstari huo.